Klasta Usiiguse kwa Mkono

Bado unaandika `kubectl edit` kila kitu kinapokwama? Acha leo. Kubernetes imeundwa ili wewe useme unataka nini, nayo ihangaike kufika huko. Andika unachotaka kwenye Git, weka chombo cha kuyasoma hayo na kuyatekeleza, kisha kalale.

Anza na programu moja ndogo, si ile ya malipo. Chagua ile ambayo ikizimika nusu saa hakuna atakayekupigia simu.

Mafaili yake ya YAML yaweke kwenye ripo yake, mbali na msimbo wa programu. Ukichanganya, CI itajenga imeji, itaandika tagi mpya kwenye ripo, maandishi hayo yataiamsha tena, nayo itajenga tena. Mzunguko huo hauna mwisho, na bili ni yako.

Chombo? Argo CD au Flux. Zote ziko imara, na CNCF, taasisi inayosimamia Kubernetes, ilizipa zote daraja la juu kabisa mwishoni mwa 2022. Argo CD ina ukurasa unaokuonyesha kila kitu kwa rangi, kwa hiyo timu inayojifunza huielewa haraka. Ukisita, chukua hiyo.

Fanyia mazoezi kwenye kompyuta yako. Kind inakuwekea klasta nzima ndani ya makontena ya Docker. Ila pakua imeji ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi. Ukitumia bando la simu litakatika kabla hujafika popote.

Mwanzoni usiwashe kitu chochote cha kujiendesha. Acha Argo CD ikuonyeshe tofauti kati ya Git na klasta, kisha bonyeza Sync mwenyewe. Ukiona inafanya ulichotarajia, washa `automated` isinki yenyewe, halafu `selfHeal` irudishe kilichobadilishwa kwa mkono.

Sasa ijaribu. Git iseme replica 2 kwa Deployment yako, tuseme inaitwa `duka`, wewe andika `kubectl scale deployment duka --replicas=5`. Podi tatu za ziada zitachomoza, na baada ya sekunde chache zitaanza kuondolewa. Fanya jaribio hili mbele ya timu nzima. Hakuna atakayeuliza tena kwa nini mabadiliko yake ya mkono "yamepotea". Kama unatumia HPA, inayobadilisha idadi ya podi yenyewe, ondoa kabisa mstari wa `replicas` kwenye faili, la sivyo HPA na Argo CD zitagombana usiku kucha.

Badiliko lililoingia Git linaweza kusubiri kama dakika 3, maana ndiyo kawaida ya Argo CD kuchungulia ripo. Ukiona ni muda mrefu, weka webhook.

`prune` iwashe mwisho. Inafuta kwenye klasta kila ulichokiondoa Git. Kwa Deployment, sawa. Kwa PersistentVolumeClaim yenye data za wateja, utalia. Vitu vya namna hiyo viwekee anotesheni ya `argocd.argoproj.io/sync-options: Prune=false` kabla hujagusa swichi.

Tagi ya `latest` itupe. Imeji ikibadilika huku jina likibaki lilelile, faili nalo halibadiliki, na Kubernetes haioni sababu ya kusambaza toleo jipya. Tumia SHA ya Git kama tagi.

Weka `readinessProbe`. Bila hiyo, podi mpya hupewa wateja mara tu kontena linapowaka, hata kama programu bado inatafuta hifadhidata. Ukiwa nayo, toleo bovu hukwama mlangoni na la zamani huendelea kuhudumia.

Siri nazo. Secret ya Kubernetes imeandikwa kwa base64, na hiyo si kufuli. Amri ya `base64 -d` inaifungua bila kuuliza. Kabla ya kuisukuma Git, ifunge kwa Sealed Secrets au SOPS. Nywila ikishaingia Git ikiwa wazi, kulifuta faili hakutoshi kwa sababu historia inabaki. Badilisha nywila yenyewe.

Mtandao, hifadhidata na klasta yenyewe viachie Terraform. State yake ikae kwenye hifadhi ya pamoja yenye kufuli, si kwenye laptop ya mtu. Crossplane inaweza kukuombea hata hifadhidata kwa YAML kutoka ndani ya klasta, lakini hiyo ingoje mpaka haya mengine yazoeleke.

Mambo yakiharibika, usikimbilie kitufe cha Rollback. Argo CD itakikataa maadamu `automated` imewashwa. Andika `git revert`, sukuma, subiri.

Yote yakitulia, nenda kwenye RBAC uondoe haki ya kuandika production kwa kila mtu, na wewe ukiwemo. Bakiza akaunti moja ya dharura, na kila inapotumika timu nzima ipate taarifa.