Je, pensheni jamii ya Zanzibar inatosha?

SWALI: Mzee wangu hupokea pensheni jamii. Imepanda, lakini mbona bado haimtoshi?

JIBU: Haitoshi, kwa sababu imepanda kwa shilingi tu; ukilinganisha na mishahara, imebaki palepale. Ilipoanza Aprili 2016, kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, wakati kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa 150,000: kama asilimia 13. Mwaka 2017 kima hicho kikawa 300,000, pensheni haikuguswa, uwiano ukashuka hadi asilimia 7 hivi. Baadaye pensheni ikapandishwa hadi 50,000 dhidi ya kima cha 347,000, yaani asilimia 14. Na hapo tumepima kwa mshahara wa chini kabisa, si wa wastani.

Wapo wasemao kuwa hii ni posho isiyo na michango, inayomfikia hata mvuvi na mkulima wa mwani, hivyo haifai kupimwa kwa mshahara. Ni kweli haikukusudiwa kuziba pengo la mshahara, na kuwafikia wote ni sifa yake kubwa. Lakini mzee hununua mchele soko lilelile la mwenye mshahara. Serikali ikihofia gharama, ianze kwa kuifungamanisha pensheni na kima cha chini, ili viwe vinapanda pamoja.