Mnazi Una Moyo Mmoja: Tuutunze Ungali Mche



Ukikata tawi la mwembe, mwembe haufi. Utachipua pembeni na kuota tawi jingine. Mnazi sivyo. Mnazi hauna matawi. Una mahali pamoja tu pa kukulia, nako ni kule juu katikati, makuti machanga yanakotokea. Huo ndio moyo wa mnazi. Watu wa pwani huuita pia shaha. Moyo ukiliwa na mdudu, au ukioza, mnazi wote unakufa.

Wako wanaosema, "Ah, mnazi ni mti wa Mungu, hautaki kazi!" Maneno haya yanatutia hasara. Hebu tufanye hesabu. Mnazi mrefu wa kwetu huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 hadi 8. Tuseme ulipanda mche mwaka 2020, ukategemea nazi mwaka 2027. Mche ukafa mwaka 2023, nawe ukapanda mwingine mwaka huo huo. Sasa utangoja hadi mwaka 2030. Umepoteza miaka mitatu. Lakini mche ukitunzwa vizuri, mnazi waweza kuishi zaidi ya miaka 60. Wewe utakula, na wajukuu watakula.

Basi tujifunze kazi hii hatua kwa hatua.

1. Kuchagua mbegu
Chagua mnazi mzima, usio na ugonjwa, unaozaa sana kila mwaka. Chukua nazi zilizokomaa kabisa. Itikise nazi sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, nzuri hiyo. Usiposikia maji, iache. Nazi ya mbegu haifuliwi. Iache na makumbi yake.

2. Kitalu
Tengeneza kitalu mahali penye kivuli kidogo, karibu na maji. Laza nazi ubavu. Fukia sehemu kubwa ya nazi, lakini upande wa juu uonekane. Mwagilia udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Nazi nyingi huota katika miezi mitatu au minne. Zile zinazoota mapema ndizo zenye nguvu. Nazi ambayo haijaota baada ya miezi mitano, itoe.

3. Kupanda shambani
Mche ukiwa na miezi 9 hadi 12, uhamishe mwanzoni mwa mvua. Chagua mche wenye shingo nene na makuti ya kijani. Chimba shimo lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri. Usifukie shingo ya mche, kwa sababu udongo ukiingia katikati ya makuti, moyo waweza kuoza. Toka mche mmoja hadi mwingine acha mita 9. Ekari moja itaingia miche kama 50.

4. Miaka mitatu ya kwanza
Palilia kuuzunguka mche. Wakati wa kiangazi mwagilia, kisha tandaza makumbi au majani makavu ili unyevu usipotee. Yasiguse shingo ya mche. Jenga uzio mbuzi wasifike. Katikati ya mistari waweza kupanda kunde au mihogo. Lakini usiisogeze karibu sana, isije ikaunyang'anya mche maji na chakula.

5. Adui mkubwa: chonga
Chonga ni mdudu mweusi, mgumu, mwenye pembe kichwani. Huruka usiku. Hutoboa katikati ya mche na kula makuti ambayo hayajafunguka. Kuti likifunguka utaliona limekatwa kama kwa mkasi. Ukiona hivyo, jua moyo umo hatarini.

Kagua miche yako kila wiki. Ukiona tundu jipya lenye makapi, ingiza waya wenye ncha iliyopinda kama ndoana, umtoe chonga na kumwua. Fanya taratibu usije ukauumiza moyo wenyewe.

Lakini kumwua chonga mmoja mmoja hakutoshi. Chonga hutaga mayai katika magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi. Humo mna funza weupe, wanono, waliojikunja. Choma magogo hayo. Pindua samadi mara kwa mara, uwatoe funza, kuku watafurahi. Kazi hii ni ya kijiji kizima. Kama jirani ana magogo yaliyooza, chonga wake watakuja kwako.

MANENO YA KUJIFUNZA
Kitalu: mahali pa kuoteshea miche.
Makumbi: maganda yenye nyuzi ya nje ya nazi.
Shingo ya mche: sehemu ambapo makuti yanaanzia.

MASWALI
1. Kwa nini mwembe uliokatwa juu huchipua, na mnazi uliokatwa juu hufa?
2. Kwa nini tunaitikisa nazi ya mbegu?
3. Ulipanda miche 50. Chonga wakaua 8. Imebaki mingapi? Ile iliyokufa ingeanza kuzaa mwaka gani kama ungeipanda tena mwaka huu?
4. Jadilianeni katika kikundi: Katika kijiji chetu, magogo ya minazi yaliyooza yako wapi? Nani atayachoma, na siku gani? Andikeni majibu ubaoni.