Mlio wa Lancaster

Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa historia husomwa kwa macho tu, katika vitabu na tarehe zake. Leo nataka tuisome kwa masikio.

Katika Uingereza na Kanada wako watu ambao wakipata habari kuwa ndege fulani ya zamani itapita juu ya mji wao, huacha kazi zao, hutoka nje pamoja na watoto, na kusimama uwanjani kuingoja. Wengine hufumba macho inapopita, kwa maana hawakuja kuona bali wamekuja kusikia. Ndege hiyo ni Lancaster, ndege ya kutupa mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Basi tutauliza maswali mawili. La kwanza ni la sayansi: mlio ule hutoka wapi? La pili ni la historia: kumbukumbu za watu waliousikia zatufundisha nini, na tuziamini kwa kadiri gani?

Ndege yenyewe

Lancaster iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Januari 1941. Urefu wake, toka pua hata mkia, ni kama mita 21, na upana wa mabawa yake ni mita 31. Ilikuwa na injini nne, na watu saba ndani yake: rubani, fundi wa mitambo, mwongoza njia, mlenga mabomu, mpiga simu ya upepo, na wapiga bunduki wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mmoja mkiani. Zilitengenezwa 7,377, na zaidi ya 3,000 zilipotea vitani. Katika jeshi la Waingereza la ndege za mabomu, pamoja na wenzao wa Kanada, Australia na nchi nyingine, waliorushwa walikuwa kama watu 125,000. Waliokufa walipita 55,000. Yaani kati ya kila watu tisa, wanne hawakurudi.

Hesabu ya mlio

Injini nyingi za Lancaster zilikuwa za aina iitwayo Merlin. Kila injini ina silinda 12, zimepangwa safu mbili, sita kwa sita. Injini ya namna hii huchoma mafuta katika kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo katika mzunguko mmoja silinda sita hulipuka. Tufanye injini inazunguka mara 2,400 kwa dakika. Zidisha kwa sita, upate milipuko 14,400 kwa dakika. Gawanya kwa 60, upate 240 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuhesabu milipuko 240 mmoja mmoja, husikia sauti moja tu ya kuvuma.

Kisha iko rafadha, yaani pangaboi la mbele ya injini. Hiyo huzungushwa polepole kuliko injini, kwa nguvu za giya, mara 42 tu kwa kila mizunguko 100 ya injini. Basi injini ikizunguka mara 2,400, rafadha huzunguka kama mara 1,008 kwa dakika. Ina mabapa matatu, nayo hukata hewa kama mara 50 kwa sekunde. Hii ndiyo sauti nzito ya chini, ambayo watu husema waliisikia kifuani kabla ya masikioni.

Jambo la tatu ni hili. Injini nne hazizunguki sawasawa kabisa. Moja ikilia mara 240 kwa sekunde na jirani yake mara 238, sauti zao huungana na kuachana, na msikilizaji husikia mlio unaopanda na kushuka mara mbili kila sekunde. Waweza kulijaribu jambo hili kwa gita. Vuta nyuzi mbili ambazo karibu zinalingana lakini hazijalingana, nawe utasikia sauti ikitetemeka.

La mwisho ni mwendo. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Ndege ikija kwako kwa mwendo wa mita 68 kwa sekunde, mlio wa 240 hufika sikioni kama 300. Ikisha kupita, ukawa mgongo wake wakuelekea, mlio ule ule hushuka hata 200. Rubani aliye ndani hasikii badiliko hilo. Injini ni ile ile, sauti ni mbalimbali, kwa sababu ya mahali aliposimama msikilizaji. Tafadhali likumbuke neno hili, maana tutalihitaji katika historia.

Waliosikia kutoka chini

Fikiri mtu wa kijiji cha Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, mwaka 1943. Viwanja vya ndege za vita vilikuwa vingi katika jimbo lile. Jioni ndege zilipanda moja moja, zikazunguka, zikaenda zake. Watu walizihesabu. Alfajiri waliamshwa na mlio wa kurudi, wakazihesabu tena. Zikipungua walijua, kabla ya tangazo lo lote, ya kuwa vijana fulani waliokunywa nao jana hawatarudi. Kwa watu hao mlio ule ni fahari na huzuni pamoja.

Sasa vuka bahari, uende Hamburg, Ujerumani, mwezi wa Julai mwaka ule ule. Mtoto ameketi katika chumba cha chini ya nyumba pamoja na mama yake. Kwanza kilisikika king'ora, kisha mvumo wa mbali, kisha mabomu. Usiku wa tarehe 27 moto wa nyumba nyingi uliungana ukawa moto mmoja, ukavuta hewa kwa nguvu kama tufani. Katika mashambulio ya mwezi ule waliokufa katika mji ule walikuwa zaidi ya 30,000, nao wengi hawakuwa askari. Aliyeokoka akiwa mtoto aweza kuogopa mvumo wa injini hata uzeeni. Lakini angalia: katika giza la chumba kile hakuna aliyeweza kujua kama ndege zile ni Lancaster au ni za aina nyingine, na kweli zilikuwa za aina mbalimbali. Hofu yake ni ya kweli. Jina la ndege alilijua baadaye.

Haya, nenda Uholanzi, mwezi wa Aprili mwaka 1945. Majeshi ya Ujerumani yangali yanashika upande wa magharibi wa nchi, na watu wameumwa na njaa tangu majira ya baridi. Maelfu wamekufa. Yakafanywa mapatano, na tangu tarehe 29 Aprili hata tarehe 8 Mei ndege za Lancaster zilipita chini sana, karibu na mapaa ya nyumba, milango ya mabomu wazi. Yaliyoanguka yalikuwa magunia ya vyakula: unga, mayai ya unga, chai, nyama ya makopo. Waingereza peke yao walitupa zaidi ya tani 6,000 kwa njia hiyo. Watu walipanda juu ya mapaa wakapunga bendera na vitambaa, na wako waliopanga maua mashambani yakasomeka kutoka juu kuwa ni maneno ya shukrani. Wazee wa huko wakiusikia mlio wa Lancaster, machozi yao ni ya furaha.

Ndege ni moja, mlio ni mmoja. Nani kati ya hawa watatu amesema uongo? Hakuna.

Waliosikia kutoka ndani

Ndani ya ndege sauti haikuwa wimbo. Ilikuwa kelele iliyozuia mazungumzo, hata watu walisemezana kwa vyombo vya masikioni. Palikuwa na baridi kali na nafasi ndogo; mtu akitaka kutoka mbele kwenda nyuma, hana budi kupanda juu ya boriti kubwa za mabawa zilizokatiza njia. Mpiga bunduki wa mkiani alifungiwa peke yake katika kibanda cha kioo, mbali na wenziwe, muda wa saa nyingi.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, Lancaster moja ya kikosi cha Kanada ilipigwa karibu na Cambrai, Ufaransa, ikashika moto. Rubani aliamuru wote waruke. Andrew Mynarski, mpiga bunduki wa juu, alipofika mlangoni aliona kuwa mwenzake wa mkiani, Pat Brophy, amenaswa katika kibanda chake. Akapita katika moto kwenda kumtoa. Alipiga kwa shoka, akavuta kwa mikono, nguo zake zikiungua, asiweze. Brophy akamwashiria aende zake. Mynarski akarudi nyuma, akamtazama mwenzake, akampigia saluti, ndipo akaruka. Mwavuli wake ulikuwa umekwisha kushika moto, naye akafa kwa majeraha. Brophy alianguka na ndege, akarushwa nje ndege ilipogonga ardhi, akapona.

Hapana mtu mwingine aliyeona saluti ile. Kama Brophy angalikufa, au angalinyamaza, tusingalijua. Kwa ushuhuda wake Mynarski alipewa nishani ya Victoria Cross mwaka 1946, baada ya kufa. Ndiyo maana methali husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yako mambo ya historia ambayo hayakuandikwa mahali po pote ila katika moyo wa mtu mmoja.

Ndege mbili

Kati ya zile 7,377, ni mbili tu zilizoendelea kurushwa hata karne hii ya 21. Moja yakaa Hamilton, Kanada, imepewa jina la Mynarski, na watu waweza kulipa nauli wakarushwa ndani yake. Ya pili ni ya jeshi la anga la Uingereza, namba yake PA474. Mwezi wa Agosti 2014 ile ya Kanada ilivuka Atlantiki, zikaruka pamoja juu ya Uingereza, injini nane kwa mara moja, na watu wengi mno wakatoka kuzisikia.

PA474 yatuhusu sisi pia. Ilitengenezwa mwaka 1945, vita vikaisha kabla haijatumiwa, kwa hiyo haikutupa bomu juu ya mji wo wote. Badala yake ilitiwa kamera, ikapewa kikosi namba 82, ikaletwa Afrika Mashariki na Kusini hata mwaka 1952, kupiga picha za nchi kutoka angani kwa ajili ya kuchora ramani. Msomaji, ramani za zamani za Kenya unazozitumia katika somo la jiografia, zile za kipimo cha 1:50,000, nyingi zilianza kwa picha za namna hiyo. Basi huenda bibi au babu wa mtu mmoja wetu aliinua kichwa shambani akasikia mlio huu huu, asijue ni wa nini.

Tujifunze nini

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 alitimiza 100 mwaka 2024. Masikio yaliyousikia mlio ule vitani yamekwisha karibu yote. Wazee wetu nao, waliopigana Burma au waliobaki nyumbani, wanatutoka. Usingoje mwalimu akutume. Chukua daftari, mwende mzee kwa heshima, umwulize: Ulisikia nini? Ulikuwa umesimama wapi? Ulikuwa na miaka mingapi? Jambo hili uliliona mwenyewe, au uliambiwa baadaye? Kisha mwulize na mwingine aliyesimama mahali pengine. Mmoja akisema mlio ulikuwa 300 na mwingine akasema 200, usifanye haraka kumwita mmoja mwongo. Uliza kwanza ndege ilikuwa yaja au yaenda.

Maswali

1. Injini ya silinda 12 inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Hulipuka mara ngapi kwa sekunde?
2. Kwa nini rubani hasikii mlio wa injini yake ukishuka, ambapo mtu wa chini husikia?
3. Mtoto wa Hamburg alijua nini mwenyewe, na alijua nini baadaye? Eleza tofauti.
4. Je, mtu aweza kuupenda mlio wa ndege iliyoua watu? Andika insha ya kurasa mbili.
5. Mwulize mzee mmoja wa kwenu juu ya sauti anayoikumbuka tangu utoto wake. Andika maneno yake kama alivyoyasema.