ULIMWENGU SAMBAMBA NA HASARA YA MAPENZI: Maoni kuhusu Utunzi wa Riwaya Mfululizo kwa Kuzingatia Simulizi za Karagwe na Kitara

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza tatizo moja la kifani linalomkabili mtunzi wa riwaya mfululizo ya mapenzi yenye ulimwengu sambamba, yaani bunilizi ambamo hali mbili au zaidi za uhalisi huwapo kwa wakati mmoja na wahusika huweza kuvuka kati yake. Dhana hii huhusishwa aghalabu na fizikia, hasa tasnifu ya Hugh Everett ya mwaka 1957, na kwa hiyo huonekana ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Tunadai kwamba Karagwe, ambayo mwaka 2012 ilimegwa ikazaa wilaya ya Kyerwa, imo katika ukanda wenye mapokeo ya kale ya namna hiyo, na kwamba mapokeo hayo yanatatua jambo ambalo kielelezo cha kifizikia hakilitatui.

2.0 Tatizo

Riwaya ya mapenzi husimama juu ya uwezekano wa hasara. Iwapo kila uamuzi huzaa ulimwengu wake, mpenzi aliyefariki hapa yu hai kwingine, na aliyeachwa hapa ameolewa kwingine. Katika kitabu cha kwanza jambo hili hustaajabisha. Kufikia cha tatu, msomaji hana tena sababu ya kuhofu. Mtunzi basi anahitaji kanuni itakayofanya uvukaji uwe na gharama.

3.0 Ushahidi wa Simulizi

Nasaba ya Abahinda iliyotawala Karagwe, ambayo Speke aliikuta chini ya Rumanyika mwaka 1861, humtaja Ruhinda kuwa mwasisi wake. Masimulizi kadhaa humfanya mwana wa Wamara, mmoja wa Wachwezi. Kwa njia hiyo Karagwe inaungana na mapokeo ya Kitara. Humo husimuliwa kwamba Nyamiyonga, mtawala wa kuzimu, alitaka kufanya undugu wa damu na mfalme Isaza. Isaza akamtumia Bukuku, mlinda lango wake, badala yake mwenyewe. Nyamiyonga alipogundua hila hiyo alimtuma binti yake, Nyamata, ambaye aliolewa na Isaza bila kufichua asili yake. Nyamata alipotambua kuwa mumewe anawapenda ng'ombe kuliko yeye, alirudi kwao akiwa mjamzito, akamzaa Isimbwa. Baadaye Isaza aliwafuata ng'ombe wawili wazuri hadi kuzimu, asirudi tena. Isimbwa ndiye aliyepanda juu, na mwanawe Ndahura akawa Mchwezi wa kwanza kutawala.

Katika simulizi za Buhaya, Wamara hupewa ng'ombe na mbegu na Kintu wa kuzimu, husahau kurudisha shukrani, na Kintu humtuma Rufu, yaani kifo.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, walimwengu hawa wameunganishwa na mkataba, si na bahati. Pili, anayevunja mkataba hulipa, na malipo hayarudishwi. Tatu, mtoto wa pande mbili huendeleza kisa pale wazazi wake wanapokwama. Huu ni msuko wa mfululizo uliokwisha kuwa tayari.

4.0 Nafasi ya Riwaya Andishi

Riwaya ya Kiswahili haikuanza mikono mitupu. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anawatuma wajumbe katika nchi mbalimbali, mbingu ikiwamo, nao wakirejea hufungwa gerezani: uvukaji una bei, ingawa bei hiyo ni ya kisiasa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, huweza kusomwa kama jozi ya safari katika uhalisi usiofuata wakati wa kawaida; lakini humo kinachotafutwa ni ukweli zaidi kuliko mpenzi. Pengo lililobaki, kwa hiyo, ni la mapenzi.

5.0 Hitimisho

Mtunzi anayeweka kisa chake kando ya mto Kagera hana haja ya kuazima mashine. Anachohitaji ni kuamua mapema nani anamdai nani kati ya walimwengu wake, na kulishikilia deni hilo hadi kitabu cha mwisho. Hata hivyo, Wachwezi wamekuwa sehemu ya ibada, si ngano tu; kuwatumia kama pambo kungekuwa kurudia kosa la Wamara, yaani kupokea bila kushukuru.