Tarakilishi na Tiba ya Wasiwasi Usiokoma

Neno wasiwasi tunalo midomoni kila siku. Huyu ana wasiwasi wa mtihani, yule wa karo. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kunong'onezwa jambo baya moyoni. Maana hiyo ya asili ndiyo inayotufaa hapa, kwa sababu ugonjwa ambao madaktari huuita OCD ni kama mnong'ono usionyamaza.

Mgonjwa huingiwa na fikira asiyoitaka: mikono ina vijidudu, mlango haukufungwa, nitamdhuru ndugu yangu. Fikira hiyo humtesa mpaka afanye tendo la kuituliza. Ananawa. Ananawa tena. Anarudi kutazama kufuli mara ya kumi. Nafuu anayoipata ni ya muda mfupi tu, kisha mnong'ono hurudi, maana akili imeshajifunza kwamba ni kule kunawa kulikomwokoa. Madaktari huuhesabu kuwa ugonjwa mambo haya yanapomla mtu zaidi ya saa moja kwa siku, au yanapomvurugia masomo na kazi. Kwa hivyo yule apendaye tu viatu ving'ae si mgonjwa, jamani. Tusimsingizie.

Lililonishangaza mimi ni hili. Mwaka wa 1978 Rachman na de Silva, waliokuwa London, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa hata watu wenye afya njema hupata fikira mbaya za aina ile ile! Tofauti iko katika maana wanayozipa. Mtu mzima akipitiwa na wazo la kumsukuma mwenzake barabarani husema, "Lo, upuuzi gani huu?" akaendelea na safari yake. Mgonjwa husema, "Nikiwa nimewaza hivyo, basi mimi ni mtu mbaya." Hapo ndipo tarakilishi inapoingia.

Mwaka wa 2000 Andrew Mathews na Bundy Mackintosh walieleza zoezi la kubadilisha maana hizo. Mtu husoma kisa kifupi kwenye kioo cha tarakilishi. Kisa hakijulikani kitaishia wapi mpaka neno la mwisho, nalo limetolewa herufi ambayo ni lazima aijaze. Mifano hii nimeitunga mwenyewe:

"Umeshuka kwenye matatu. Umeshika chuma kinachoshikwa na kila abiria. Unaona kwamba mkono wako uko s-lama."

"Umempakata mtoto mchanga wa dada yako. Ghafla lakujia wazo la kumwangusha. Unajua kuwa wazo hilo halina m-ana."

Akishajaza huulizwa swali, kwa mfano: Je, wazo hili laonyesha kuwa wewe ni mkatili? Akijibu "La", tarakilishi humwambia amepata. Visa vya namna hiyo hufuatana kwa makumi. Kwa maoni yangu siri iko katika ile herufi. Mgonjwa ameshaambiwa na watu mara nyingi "acha woga", na haikumsaidia. Hapa akili yake yenyewe ndiyo inayoitafuta maana iliyo njema, tena na tena, kama tulivyozoezwa kujumlisha darasa la kwanza. Mwaka wa 2011 Elise Clerkin na Bethany Teachman wa Marekani waliwapa zoezi kama hilo watu wenye dalili za OCD, na waliozoezwa walianza kuzifasiri fikira zao kwa njia nafuu zaidi.

Lakini si dawa ya miujiza. Mwaka wa 2015 Cristea na wenzake walikusanya tafiti nyingi za mazoezi haya kwa wenye hofu na huzuni, wakaona faida yake ni ndogo. Tiba kubwa ya OCD bado ni ile iliyoanzishwa na Victor Meyer huko London mwaka wa 1966: mgonjwa hushika kile anachokiogopa, asinawe, akangoja hadi hofu ishuke yenyewe. Ziko pia dawa za kumeza. Tarakilishi ni msaidizi wa hayo tu.

Anayeteswa na mnongʼono huu mara nyingi huficha, akidhani amerogwa au anaingia wazimu, nasi humwongezea kwa kumcheka pale bombani. Anaweza kumwendea mwalimu wa ushauri, ampeleke kwa daktari. Zoezi la mwisho nawaachia ninyi:

"Umefunga kufuli na kuitikisa mara moja. Njiani mnong'ono unaanza. Unaendelea kwenda shuleni, kwani mara moja inat-sha."