Soma sifa kwanza, video baadaye

Wadogo zangu, leo naongea na ninyi mnaoshinda wodini. Wiki iliyopita binti mmoja, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, alinitumia tangazo lililozunguka kwenye kundi lao la WhatsApp. Hospitali kubwa ya Marekani inatafuta watu wa kusomea ubingwa bobezi wa moyo. Kuna picha za vijana wanaocheka na video ya mkuu wa programu anayekaribisha watu wa mataifa yote. "Dada, niombe?" Nikamuuliza kama amesoma sifa za mwombaji. Hajasoma. Video ameitazama mara tatu.

Sikumlaumu. Tangu korona ya 2020, usaili wa programu nyingi za Marekani umehamia kwenye video na hadi leo haujarudi. Mwombaji hatembei tena kwenye korido za hospitali, kwa hiyo hospitali inajileta kwake: kurasa za Instagram, jioni za Zoom, filamu fupi za mji na maziwa yake. Hakuna ubaya. Ila jueni kwamba ni posa, na siku ya posa hakuna anayetaja madeni yake.

Sasa sikilizeni neno ambalo video hailisemi. Programu za Marekani zilizoidhinishwa na ACGME, chombo kinachoidhinisha mafunzo ya madaktari huko, kwa kawaida zinataka uwe umemaliza ubingwa wako Marekani kwenyewe au Kanada. MMed yako, shahada ya ubingwa ya Muhimbili, hata kama uliongoza darasa, peke yake haitoshi. Upo mlango mdogo wa waombaji wenye sifa za kipekee, lakini si kila programu inaufungua, na hata ukifunguliwa utadaiwa cheti cha ECFMG, kile cha madaktari waliosomea nje ya Marekani. Inaniuma kuona kijana anakopa fedha za ada ya maombi kabla hajajua hili.

Halafu, neno felo (fellow) mnalokutana nalo kwenye matangazo haya lina sura nyingi. Felo wa tiba anagusa mgonjwa, anaandika dawa, analipwa mshahara. Felo wa utafiti anashinda na takwimu, mgonjwa hamgusi. Mtazamaji anasimama nyuma ya wenzake, na mara nyingine analipia yeye. Tangazo linaweza kuvika yote matatu koti moja. Uliza wazi: nitaweka katheta kwa mikono yangu, au nitatazama?

Viza nayo uiulize mapema. Madaktari wengi huenda kwa J-1, na hiyo inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya mafunzo, labda upate msamaha. Kwa anayetaka kurudi kujenga kliniki ya moyo Dodoma, hilo si tatizo. Kwa aliyepanga kuhamisha watoto, ni jambo la kuzungumza na mume leo.

Nanyi mliomaliza ubingwa huko huko Marekani, jioni za Zoom zina manufaa pale wakuu wanapotoka na kubaki felo peke yao. Waulizeni zamu za usiku ni ngapi, na nani aliacha katikati. Kwenye orodha ya NRMP, mfumo unaooanisha waombaji na programu, pangeni kwa mapenzi yenu ya kweli, si kwa kukisia nani anawataka. Mfumo unaanza na chaguo la mwombaji. Programu hairuhusiwi kuwauliza mtaiweka nafasi ya ngapi.

Na si lazima uende mbali: mpasuaji, usisahau COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha. Unasoma ukiwa kazini, katika hospitali iliyoidhinishwa na chuo hicho.

Na yeyote anayeomba fedha kwa M-Pesa ili akushikie nafasi ni mwizi.

Binti yule ameandika barua pepe mbili: moja kwa ofisi ya programu, kuuliza kama wanapokea mwenye MMed ya Tanzania, nyingine kwa felo aliyeko pale sasa. Ada hajalipa. Nanyi ziandikeni hizo barua mbili kabla dirisha la maombi la Julai halijafunguliwa.