Michezo ya Utotoni na Chimbuko la Mwanariadha

Mwanariadha huanza kujengeka uani na mtaani, kabla hajamjua kocha. Katika rede, mchezo unaopendwa na wasichana wengi wa Tanzania, wawili husimama pande mbili na kurushiana mpira wa soksi kuukuu. Aliye katikati huukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukimgusa, ametoka. Anainama kuchota mchanga lakini jicho liko kwa mrushaji. Mpira ukiachiwa, anaruka pembeni, anatua kwa mguu mmoja, anageuka na kuirudia chupa. Kwa dakika chache amechomoka, amesimama ghafla na kuruka mara nyingi, bila kuamrishwa na mtu. Mrushaji naye anazoea kupitisha nguvu kutoka mguuni, kiunoni na begani hadi mkononi, mpangilio uleule anaouhitaji mrusha mkuki.

Kuruka kamba hukizoesha kifundo cha mguu kugusa ardhi upesi na kudunda, na huo ndio msingi wa mbio fupi na miruko yote. Mifupa pia hunufaika: mishindo ya kuruka karibu na umri wa balehe huiimarisha kuliko mazoezi yaleyale yakianzwa ukubwani.

Mabingwa wengi walipitia njia hiyo. Usain Bolt wa Jamaika alipenda kriketi, na kocha wa kriketi ndiye aliyeiona kasi yake akamwelekeza kwenye riadha. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana wa mita 200 jijini Kingston. Julius Yego wa Kenya alikuwa akirusha mikuki ya vijiti kijijini, na baadaye alijifunza ufundi kwa kutazama video za intaneti. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia jijini Beijing kwa mita 92.72.

Mbio za kwenda shule nazo zimesifiwa sana. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikimbia kilomita 10 hadi shuleni, na mkono wake wa kushoto ukabaki na mkunjo wa mtu aliyeshika madaftari. Mwendo huo hujenga moyo na mapafu, ila hautoshi peke yake: mamilioni ya watoto hutembea mbali vilevile bila kuwa wanariadha. Shule iliyo mbali si jambo la kumwombea mtoto.

Kuhusu wakati wa kuchagua mchezo mmoja, mtafiti Jean Côté wa Kanada anapendekeza miaka 6 hadi 12 iwe ya kuonja michezo mingi, 13 hadi 15 ya kupunguza, na kuanzia 16 ya kuzama katika mmoja. Tafiti za Arne Güllich na wenzake zinamuunga mkono: watu wazima wa kiwango cha dunia, wakilinganishwa na wa kiwango cha taifa, walicheza michezo mingine zaidi utotoni, walichelewa kuuanza mchezo wao mkuu, na mwanzoni maendeleo yao yalikuwa ya polepole. Kwa nyota wa umri mdogo hali ni kinyume. Wao huanza mapema na mchezo mmoja.

Hapa ndipo shule nyingi hupoteza vipaji. Mwalimu anayeunda timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, huvutiwa na anayeshinda leo, ambaye mara nyingi ni yule aliyebalehe mapema. Mwenzake mdogo wa umbo huachwa nje, ingawa huenda akampita baada ya miaka mitatu. Urefu wa kila mtoto ukipimwa mara kwa mara, tofauti hiyo huonekana wazi.

Kipimo hicho kinasaidia pia kukinga majeraha. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Wakati huo ncha za mifupa bado ni laini, na kano za misuli huzivuta. Maumivu chini ya goti au kisiginoni yanayorudi kila baada ya mazoezi yanadai kupunguza miruko na mbio, na mtoto kupelekwa kwa mtaalamu wa afya.

Umri wa kubobea hutofautiana kwa fani. Kuruka viunzi na kuruka kwa upondo huhitaji ufundi unaoanza kufundishwa mapema kwa vifaa vidogo, ilhali mbio ndefu husubiri. Eliud Kipchoge wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mwaka 2003. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg mwaka 2013.